Chuo kimeisha, deni limebaki: mwongozo kamili kwa muuguzi wa Lamu na Malindi

Muuguzi anayemaliza chuo hapa pwani hatoki na deni moja. HELB, yaani bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, ndiyo inayotajwa na kila mtu, lakini nyuma yake kuna salio la karo, kuna mjomba aliyeuza ng'ombe ulipofika mwaka wa pili, kuna mkufu wa mama ulio kwa sonara, kuna Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, na kuna daftari la duka la mtaani ambalo baba alikuwa akiandikisha unga na sukari huku pesa za nyumbani zikienda kwenye hosteli yako. Yote hayo yanakusubiri siku ya mshahara wa kwanza.

Wengi hupanga madeni kwa ukubwa, wakaanza kuhangaika na lile kubwa. Mimi sipangi hivyo. Kila deni naliuliza swali moja tu: nikiliacha mwezi huu, litanifanya nini? Liko litakaloniongezea shilingi mia chache, liko litakaloniongezea elfu tano, na liko litakaloninyima leseni. Ukijibu swali hilo kwa kila deni, foleni inajipanga yenyewe.

Hatua ya 1: Yaandike yote, hata yale ya aibu

Chukua daftari, usitegemee kichwa. Kwa kila deni andika unadaiwa na nani, kimebaki kiasi gani, linaongezeka vipi, na litakufanya nini ukilichelewesha. HELB usiikisie. Ingia kwenye akaunti yako ya tovuti yao uchukue taarifa ya mkopo, kwa sababu kiasi ulichopokea mkononi sicho unachodaiwa. Kuna fedha zilizokwenda moja kwa moja chuoni ambazo hukuziona, kuna riba, na kuna ada ya leja ya shilingi 1,000 kwa mwaka.

Kisha omba ripoti yako ya CRB, yaani shirika linalotunza kumbukumbu za nani amelipa mikopo na nani hajalipa. Kanuni za Kenya zinampa kila mtu ripoti moja bila malipo kila mwaka, na wengi hawaichukui mpaka siku benki iwakatae. Humo ndimo utakapokuta kimkopo cha simu ulichokisahau tangu mwaka wa kwanza.

Madeni ya nyumbani nayo yaandike, na majina yake. Wengi huyaacha kwa kuwa hayana karatasi. Hayo ndiyo yatakayokupigia simu saa mbili usiku ukiwa zamu.

Hatua ya 2: Kwanza lile linaloshika cheti

Kama una salio la karo, hilo ndilo la mbele, hata kama ni dogo kuliko yote. Chuo kinaweza kuzuia cheti na matokeo yako mpaka salio liishe, na bila karatasi hizo Baraza la Wauguzi la Kenya halikusajili, na bila usajili huna leseni, na bila leseni hakuna hospitali itakayokuajiri kihalali. Yaani deni la elfu ishirini na tano linaweza kufungia mlango mshahara wa mwaka mzima. Hapa ndipo pekee ninapoona sawa kuiomba familia ichangishane tena, au kuzungumza na ofisi ya fedha ya chuo ulipe kwa mafungu.

Pamoja na karo, tenga pesa za usajili na leseni yenyewe, na za kuifanya upya inapokwisha. Usizile.

Hatua ya 3: HELB, na kwa nini usinyamaze

Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995, na sheria hiyo ina meno. Mkopo wa shahada ya kwanza, na hata wa diploma kwa walio KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, unatozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Unatakiwa kuanza kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Ukifika wakati huo ukakaa kimya, penalti ni shilingi 5,000 kila mwezi, iwe unadaiwa laki tano au elfu sitini.

Tupige hesabu. Tuseme unadaiwa 160,000. Riba ya mwaka mmoja ni 6,400. Ukikaa miaka miwili bila kulipa, riba itakuwa imeongeza kiasi cha elfu kumi na tatu hivi, lakini penalti zitakuwa 120,000. Hapo deni limekaribia mara mbili, na halikukuzwa na riba. Watu hukaa barazani wakailaumu riba ya HELB, ilhali hakuna benki wala sacco itakayokupa pesa kwa asilimia 4. Kilichowaumiza ni ule ukimya.

Kwa hiyo, fanya hivi kabla mwaka wa neema haujaisha. Sahihisha nambari ya simu na baruapepe kwenye akaunti yako, maana wengi waliandikisha laini walizozipoteza zamani. Ukiwa na kazi, mpe HR, yaani ofisi ya wafanyakazi, nambari ya kitambulisho na umwambie wazi kwamba una mkopo wa HELB. Mwajiri anawajibika kisheria kukata na kupeleka pesa hizo kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Usingoje yeye akugundue.

Ukiwa huna kazi, andika barua kwa HELB. Si kupiga simu na kuzungumza na mtu ambaye hutalijua jina lake. Iwe barua au baruapepe yenye tarehe, ueleze kwamba umemaliza mwezi fulani, hujaajiriwa, unafanya lokamu, yaani kibarua cha zamu, siku mbili tatu kwa wiki, na unaweza kuanza na kiasi fulani. Omba jibu la maandishi, ulihifadhi. Kama kuandika kunakutatiza, nenda kwenye dawati lao Huduma Centre ukiwa na kitambulisho.

Kulipa mwenyewe ni rahisi: M-Pesa, Paybill 200800, na nambari ya akaunti ni nambari yako ya kitambulisho. Soma tarakimu za kitambulisho mara mbili kabla ya kuweka PIN. Ukikosea moja, utamlipia mtu mwingine.

Kumbuka pia waliokudhamini. Fomu ile ya mkopo ilitiwa sahihi na watu, mara nyingi ni mzazi na ami au mjomba mwenye kazi. Ukitoweka wewe, watatafutwa wao. Mtu aliyekutilia sahihi kwa mapenzi hastahili kuletewa barua ya deni uzeeni.

Kuna mchezo mmoja ninausikia sana, nao ni kungoja msamaha. Ni kweli HELB imewahi kutangaza kusamehe penalti kwa wanaolipa deni lote kwa mkupuo. Ukikuta tangazo kama hilo na pesa unazo, lichangamkie. Lakini kuacha kulipa ukingoja tangazo ni kamari, maana penalti zinazorundikana una hakika nazo, na msamaha huna.

Hatua ya 4: Isome peslipu (hati ya mshahara) mstari kwa mstari

Mshahara wa kwanza hulewesha. Mtu anaambiwa 45,000, anapanga matumizi ya 45,000. Tuuvunje mshahara huo kwa viwango vya mwaka 2025. NSSF, akiba ya uzeeni, asilimia 6 ni 2,700. SHIF, bima ya afya, asilimia 2.75 ni kama 1,240. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5 ni 675. PAYE, kodi ya mapato, baada ya nafuu ya 2,400 ni takriban 4,500. Kinachokufikia ni kama 35,900. Sasa weka HELB: ile 160,000 ukiilipa kwa miaka mitano, ni kama 2,950 kwa mwezi. Unabaki na takriban 32,950. Hiyo ndiyo pesa yako, na kodi ya nyumba, nauli ya boti na chakula vyote vinatoka humo.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Watu huichukua sheria hii kama ngao, na mimi naiona pia kama mtego. Kwa mshahara wa 45,000, sheria inataka ubakiwe na 15,000 tu. Makato yako ya sasa, pamoja na HELB, ni kama 12,000, kwa hiyo kuna nafasi ya elfu kumi na nane ambayo afisa wa mikopo anaiona vizuri kuliko wewe. Ndiyo maana ukifika mwezi wa pili tu kazini, unapigiwa simu na sauti tamu ikikwambia umefuzu kupata laki sita. Kufuzu ni kwa mujibu wa sheria. Kuishi Amu, yaani Lamu mjini, kwa elfu kumi na tano ni jambo jingine kabisa.

Kila mwezi linganisha peslipu na taarifa ya HELB. Wako waajiri wanaokata halafu wakachelewa kupeleka. Peslipu ikionyesha umekatwa Machi na taarifa ya HELB haina Machi, peleka nakala kwa HR na kwa HELB pia, wiki hiyo hiyo. Peslipu zote weka nakala kwenye simu na nakala kwenye karatasi. Muuguzi wa Kizingitini au Kiunga asiyekuwa na karatasi atapanda boti mara nyingi kutafuta kitu ambacho angekihifadhi kwa dakika moja.

Ukiajiriwa kwa mkataba, usichukue mkopo unaovuka tarehe ya mwisho wa mkataba, hata ukiahidiwa kwamba utaongezwa. Waliochukuliwa kwa mpango wa UHC (afya kwa wote) mwaka 2020 watakueleza vizuri kuliko mimi jinsi ajira ya kudumu inavyoweza kuahidiwa mwaka hadi mwaka.

Hatua ya 5: Zima moto wa simu

M-Shwari, mkopo wa M-Pesa, ilipoanza mwaka 2012 ilitoza asilimia 7.5 kwa siku 30. Inasikika ndogo. Lakini elfu kumi ukiikopa, ukailipa, ukaikopa tena kila mwezi kwa mwaka, umelipa ada ya 9,000 bila kuhesabu ushuru wa serikali, na elfu kumi yenyewe bado unadaiwa. Linganisha na HELB, ambayo elfu kumi yake inakugharimu 400 kwa mwaka. Apu nyingine ni ghali zaidi, na baadhi yake huwapigia simu jamaa zako.

Kwa hiyo, ukishaweka HELB kwenye makato ya kawaida, kila shilingi ya ziada iende kwenye mikopo ya simu mpaka iishe. Anza na ile yenye ada kubwa. Ikiisha, omba kikomo cha Fuliza kipunguzwe au jitoe kabisa. Kikomo kikiwepo kitatumika. Hakuna aliye shujaa mbele ya Fuliza tarehe 24.

Njia mbili za kuizima kwa haraka. Ya kwanza ni chama. Kama mko wauguzi kumi mnaozungushana 5,000, omba zamu ya mapema, elfu hamsini hiyo ifunge mikopo ya simu yote kwa siku moja, kisha uendelee kuchanga. Zamu ya mapema ni mkopo usio na riba, na wenzako wanakujua. Ya pili ni sacco. Sacco nyingi hutoza asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, ambayo ni ghali kuliko HELB lakini ni nafuu mno kuliko simu. Hakikisha ile inayopokea akiba imeidhinishwa na SASRA, mamlaka inayosimamia sacco. Na usichukue mkopo wa sacco ili ulipe HELB. Utakuwa umetoka kwenye asilimia 4 ukaingia kwenye 12.

Hatua ya 6: Mkufu wa mama

Deni la nyumbani halina penalti, na ndiyo maana hurudishwa nyuma kila mwezi. Lakini liulize lile swali langu.

Chukua mkufu uliowekwa rehani kwa sonara ulipe karo. Mwombe mama ile karatasi. Inatakiwa iwe na uzito kwa gramu, karati, kiasi alichopewa na tarehe ya mwisho. Mara nyingi utaikuta imeandikwa "mkufu 1" na kiasi, basi. Nenda na mama mwenyewe dukani, mkufu upimwe mbele yenu, uzito uandikwe na tarehe iongezwe kwa maandishi. Fanya hivyo hata kama siku hiyo huna hata shilingi ya kulipa. Dhahabu hupanda bei. Mkufu uliowekwa kwa elfu arobaini ukiuzwa kwa kuchelewa, kuununua mwingine wa uzito ule ule kutakugharimu zaidi ya deni lenyewe, na huo mpya hautakuwa ule mama aliovishwa siku ya harusi yake. Kwa kipimo changu, rehani yenye tarehe ya karibu inatangulia mbele ya mkopo wa simu.

Kwa ami na mjomba, usiseme "nitakulipa mambo yakiwa mazuri." Nenda kwake, kaa, kunywa kahawa, mwambie: "Ami, naanza na elfu mbili kila tarehe tano, mpaka elfu thelathini iishe." Wengi watakwambia "wacha mwanangu, hiyo ilikuwa zawadi." Hapo utajua kwa hakika lipi deni na lipi msaada, na utalifuta kwenye daftari kwa moyo safi. Asiyesema hivyo alikuwa anangoja.

Halafu kuna maombi mapya. Sista akipata kazi, ukoo mzima umepata kazi. Sikwambii ukatae, hilo haliwezekani Langoni wala Mkomani, wala Malindi Barani. Weka fungu la kusaidia, kiasi unachokijua, na likiisha liwe limeisha hadi mwezi ujao. Ukisaidia kwa kukopa kwenye simu, umemsaidia mwenye apu.

Hapa pwani maombi yana msimu. Kuanzia Aprili, kusi likishika, bahari huchafuka, wavuvi hukosa, na Malindi hoteli nyingi hufunga au kupunguza watu. Baba mwenye jahazi na kaka mhudumu wa hoteli hukosa wakati mmoja. Aliyejipanga huanza kuweka akiba ya kusi tangu kaskazi, Desemba hadi Machi, wakati nyumbani kuna riziki na hawakupigii sana. Kwenye miezi hiyo ya mapato ndipo uwapelekee HELB na sonara malipo ya ziada, na kusi likifika ulipe kile cha lazima tu.

Hatua ya 7: Akiba kabla ya haraka

Kabla ya kukimbia kumaliza deni, weka kando pesa za kukufikisha mwezi mmoja na nusu. Mishahara ya kaunti huchelewa. Mgomo wa wauguzi wa 2017 ulianza Juni ukaisha Novemba. Asiye na akiba huanza kwa Fuliza mwezi wa kwanza, na yote aliyoyazima yanawaka upya. Lokamu ya Malindi ni njia nzuri ya kujaza akiba hii, lakini angalia mkataba wako wa kazi unaruhusu nini, na usijiue kwa zamu za usiku mfululizo. Muuguzi aliyechoka huchanganya dozi.

Kuhusu riba na zaka

Wasomaji wengi wa huku watakuwa wameshajiuliza. Kuhusu hukumu ya riba ya HELB, muulize shekhe unayemwamini, mimi ni mtu wa sindano na bandeji. Ninachojua ni kwamba deni lenyewe lazima lilipwe, na kulipa haraka kunapunguza riba unayoitoa. Ukihitaji mkopo mpya, Kenya kuna benki zinazofuata sharia tangu 2008, Gulf African Bank ikiwa mojawapo. Soma mkataba wao vile vile, maana faida ya murabaha, ambapo benki inanunua kitu na kukuuzia kwa bei ya juu, nayo ni gharama.

Aya ya 60 ya Sura ya Tawba inawataja wenye madeni miongoni mwa wanaostahili zaka. Muuguzi aliyemaliza, hana kazi, cheti kimeshikwa kwa salio la karo, asione haya kupeleka jambo lake kwa kamati ya msikiti akiwa na barua ya chuo inayoonyesha kiasi. Mwenye mshahara awaachie wenzake.

Ukifikiria kwenda ng'ambo

Tangu Kenya ilipotiliana sahihi na Uingereza mwaka 2021 kuhusu wahudumu wa afya, na baadaye Ujerumani mwaka 2024 kuhusu wafanyakazi, kila wiki kuna wakala anayeahidi safari. Kwanza, HELB haifutiki ukivuka mpaka. Penalti huhesabiwa ukiwa Leeds sawa na ukiwa Lamu, na wadhamini wako wako hapa hapa. Pili, kanuni za Uingereza haziruhusu muuguzi kutozwa ada ya kuajiriwa, kwa hiyo wakala anayekudai laki mbili za "kukuunganisha" mpitie mbali. Tatu, hakikisha wakala yuko kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kabla ya kumpa hata nakala ya pasipoti. Mitihani ya lugha na ya taaluma itakugharimu kweli. Iwekee akiba, usiikopee kwenye simu.

Hatua ya mwisho: kufunga faili

Huhitaji kumaliza deni ndipo uombe kazi ya serikali. Anayelipa vizuri anaweza kupata cheti cha kuonyesha kwamba anafuata utaratibu, na hicho hukubaliwa kwenye maombi mengi. Ukimaliza kabisa, omba cheti cha kutodaiwa, kichapishe, peleka nakala kwa HR na uandike barua ya kusimamisha makato. HR hawatajua wenyewe. Angalia peslipu ya mwezi unaofuata na wa baada yake. Makato yakiendelea, pesa hizo ni zako: ambatisha cheti na peslipu hizo, omba HELB ikurudishie kilichozidi, kisha kachukue tena ripoti ya CRB uone kama jina lako limesafishwa.